Kemia si chaki peke yake

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu yangu mimi mkemia wa hapa Arusha haipumui. Safari hii alipiga mtoto wa jirani yetu wa Moshi: "Shikamoo dada. Nina PCB (fizikia, kemia na baiolojia), ila udaktari naona sitapata. Nijaze kemia chuoni?" Kabla sijajibu, mama yake akadakia: "Kemia? Ataishia kushika chaki!"

Ualimu ni kazi ya heshima, na anayeutaka ana shahada yake. Ila si kweli kwamba kemia inaishia hapo. Tuangalie maji tunayokunywa. Miamba ya volkano ya Mlima Meru inaachia floraidi kwenye maji, na ndiyo inayowapa watoto wetu meno ya kahawia. Ukomo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Vyanzo kadhaa kuzunguka mlima huu vinauzidi mara nyingi. Wengi wanachemsha wakidhani wamemaliza, kumbe mvuke unaondoka na maji, floraidi inabaki palepale. Anayeijua hali ya kisima ni mkemia. Anachota sampuli kwa chupa ya plastiki, kwa kuwa floraidi huweza kuingiliana na kioo. Anachovya elektrodi, yaani kijiti cha kupimia floraidi, anasubiri namba zitulie, anaandika. Hata uchujaji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, uliofanyiwa utafiti miaka mingi pale Ngurdoto, ni kemia tupu.

Ukipanda Ngaramtoni utakuta Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, inayosimamia dawa anazopulizia mkulima wa nyanya. Mkemia Mkuu wa Serikali naye ana ofisi ya kanda hapahapa Arusha. Shuka Moshi, kiwanda cha sukari cha TPC: juisi ya miwa haiwi sukari bila mtu wa kuipima hatua kwa hatua. Sisemi ajira zinamwagika. Nafasi za serikali zina foleni, na anayetoka chuoni bila kugusa mashine za maabara anapata tabu zaidi.

Dhana inayoniuma kuliko zote ni hii: kwamba kemia, famasia, uhandisi wa kemikali na maabara ya hospitali ni kitu kimoja, ukikosa hiki unachukua kile, mtakutana mbele. Hamkutani. Shahada ya kemia ni miaka 3. Famasia na uhandisi ni miaka 4 kila moja. Mfamasia anasajiliwa na Baraza la Famasi, mhandisi na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na wa maabara za afya wana baraza lao. Mwenye shahada ya kemia pekee hasajiliwi huko, hata awe na ufaulu wa kutisha. Nilisoma na kijana aliyeamini angeingia maabara ya hospitali kwa shahada yetu. Alirudi kuanza stashahada upya, akiwa na mke na mtoto. Kama moyo wako uko kwa wagonjwa, chuo kikuu cha KCMC pale Moshi kina shahada ya sayansi ya maabara za afya. Jaza hiyo.

Wengine wanataka kuanzia Taasisi ya Nelson Mandela, ile ya sayansi na teknolojia hapa Arusha, kwa kuwa iko karibu na nyumbani. Pale masomo yanaanzia shahada ya uzamili.

Na mabinti wanaoambiwa kemikali zitawafanya wasizae: baadhi ya viyeyushi, yaani vimiminika vya kuyeyushia kemikali, kweli vina madhara, ndiyo maana kuna glavu, miwani na kabati la kufyonza hewa. Dai hivyo vitu popote utakapofanya kazi, na ukiwa mjamzito sema mapema. Nina watoto wawili.

Yule kijana nilimwita aje maabara kabla ya kujaza. Alishinda asubuhi nzima akiosha chupa na kurudia kipimo kilekile. Cha tatu kilipotofautiana na viwili vya kwanza, hakununa. Aliinua chupa kwenye mwanga, akaniuliza: "Dada, hii tuliisuuza vizuri?"