Kabla ya kufunga kopo la kunasia oili

Ukichomoa mpira wa hewa unaoingia kwenye manifoldi, bomba linalogawia silinda hewa, ukakuta umelowa oili, usikimbilie kuilaumu tabochaja, ile pampu inayosukumia injini hewa. Mara nyingi oili hiyo imepita njia halali, aliyoiweka mtengenezaji mwenyewe.

Hakuna ringi ya pistoni inayoziba silinda kabisa. Kila mlipuko hupenyeza gesi kidogo chini kwenye krenki: moshi, mvuke wa maji, petroli isiyoungua. Huko chini krenki inazunguka maelfu ya mara kwa dakika, inairusha oili hadi iwe ukungu, na gesi ikitafuta pa kutokea inaubeba. Zamani bomba la kuitolea gesi hiyo liliachwa wazi, likapumulia barabarani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, California ikiwa mbele, magari yakaanza kuirudisha gesi hiyo ndani ikaungue. Hapo ndipo ilipoenea valvu ya PCV, ile inayopitisha gesi ya krenki kwenda kwenye manifoldi.

Injini nzima ya nozeli za kwenye manifoldi humeza ukungu huo bila kulalamika, kwa sababu petroli inapita juu ya valvu za kuingizia hewa na kuziosha. Zile zinazonyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda hazina bahati hiyo. Oili hutua mgongoni mwa valvu yenye moto, inaivia pale, inageuka kaboni ngumu. Mwishowe gari linatetemeka likiwashwa asubuhi, na mwenyewe amekwisha kubadilisha plagi mara mbili. Kwenye injini ya tabochaja kuna la ziada: oili inayoingia na hewa hushusha oktani ya mchanganyiko, yaani uwezo wake wa kutolipuka ovyo, injini ikaanza kugonga ikibanwa.

Basi watu huja wakitaka kopo la kunasia oili, linalofungwa kwenye njia ya gesi hiyo ili oili ibaki humo. Mimi huanza na valvu ya PCV. Naichomoa, naitikisa: ile ya kawaida yenye springi ikiwa kimya, imeganda. Nikiirudisha kwenye mpira wake injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, kidole gumba nikikiweka mdomoni mwa valvu lazima kivutwe. Kisha naunga geji ndogo ya presha kwenye tundu la kijiti cha kupimia oili. Injini yenye afya huonyesha mvuto kidogo. Ikisukuma badala ya kuvuta, na njia ya PCV haijaziba, hatuzungumzii kopo tena, tunazungumzia ringi zilizochakaa.

Makopo yenyewe hayalingani. Niliwahi kukata moja kwa msumeno nikakuta ndani hamna kitu, mabomba mawili na rangi nzuri nje. Hilo ni pambo. Linalofanya kazi lina vizuizi na wavu wa chuma, gesi ipunguze mwendo, ikate kona, matone yang'ang'anie. Lifungwe mbali na ekzosi, maana kopo lenye moto halinasi. Mipira iwe ya kuhimili oili. Wa maji hulainika, ukavutwa hadi ukajikunja.

Mahali pa kwanza pa kulifunga kopo ni kati ya PCV na manifoldi. Lakini tabochaja ikipuliza, manifoldi inakuwa na presha, valvu inajifunga, na gesi inapitia mpira wa pili, wa kutoka kava ya tapeti kwenda mbele ya tabochaja. Kopo la upande mmoja linafanya nusu ya kazi.

Kuna wanaoomba kopo lenye filta, lipumue nje. Sifungi. Manifoldi itavuta hewa isiyopimwa na sensa, harufu itaingia ndani ya gari, na nchi nyingi sheria inakataza.

Kinachotoka koponi ni oili, maji na petroli, mara nyingine cheupe kama maziwa. Usikirudishe kwenye injini. Penye baridi kali maji hayo huganda, njia ikaziba, presha ikasukuma nje sili ya krenki. Kwa hiyo mara ya kwanza namwaga baada ya kilomita 1,000, halafu napanga kulingana na nilichokuta. Likiwa limejaa hadi juu kwa umbali huo, siongezi kopo kubwa. Nachukua geji ya kompresheni, nipime kama silinda bado zinaziba.