Nini maana ya upatanifu wa sera za mazingira na nishati jadidifu

Serikali ikiweka bei kwenye hewa ukaa, ikatoa ruzuku kwa umeme wa jua na upepo, kisha ikashurutisha majengo yapunguze matumizi ya nishati, ni rahisi kudhani kwamba sera tatu zitafanya kazi mara tatu ya sera moja. Huenda zisifanye hivyo. Upatanifu wa sera ni hali ambapo sera kadhaa zinazotumika kwa wakati mmoja hufikia malengo yake bila moja kubatilisha kazi ya nyingine, na bila umma kulipia mara mbili jambo lile lile. Haupimwi kwa kuikagua sera moja moja. Kila moja yaweza kuwa nzuri kivyake, balaa likaja zikikutana.

Umoja wa Ulaya ndio umetoa funzo kubwa zaidi. Mwaka 2005 ulianzisha soko la vibali vya hewa ukaa: mwenye kiwanda au mtambo wa umeme lazima awe na kibali kwa kila tani anayotoa, idadi ya vibali ina kikomo, na wenye navyo huuziana. Wakati huohuo nchi wanachama zilikuwa zikiwalipa wazalishaji wa umeme wa jua na upepo. Ujerumani, kwa sheria yake ya mwaka 2000, iliwahakikishia bei maalumu kwa miaka 20.

Tufanye hesabu ndogo. Kikomo ni tani 100, na ruzuku imeleta mitambo ya upepo iliyopunguza tani 10 kwenye sekta ya umeme. Vile vibali 10 havipotei, vinaingia sokoni. Bei ya kibali inashuka, na anayenufaika zaidi ni mwenye mtambo wa makaa ya mawe, kwa sababu ndiye anayehitaji vibali vingi kuliko wote kwa kila uniti ya umeme. Mwishoni jumla inabaki tani 100. Wachumi huiita hali hii athari ya godoro la maji: ukibonyeza hapa, linavimba pale.

Sasa ondoa kikomo, weka kodi ya kaboni, yaani malipo kwa serikali kwa kila tani ya hewa ukaa inayotolewa. Kiwango cha kodi kimewekwa kisheria, hakishuki kwa kuwa mitambo ya upepo imeongezeka, kwa hiyo zile tani 10 zimepungua kwelikweli. Ruzuku ni ileile, na matokeo ni tofauti kabisa. Kwa maoni yangu hapa ndipo mijadala mingi inapokwama: watu wanabishana kama ruzuku ni nzuri au mbaya, wakati swali la kwanza lilipaswa kuwa inatumika sambamba na nini.

Bei ya kibali Ulaya iliporomoka hadi chini ya yuro 5 mwaka 2013. Si haki kuubebesha umeme wa upepo lawama zote, kwani mdororo wa uchumi ulioanza 2008 ulikuwa umeshapunguza uzalishaji viwandani. Hata hivyo somo lilieleweka. Tangu 2019 kuna akiba maalumu inayoondoa vibali vya ziada sokoni, na kuanzia 2023 sehemu ya vibali hivyo hufutwa moja kwa moja. Godoro halijaondolewa, ila limepunguzwa maji.

Je, ruzuku juu ya kikomo ni hasara tupu? Hapana. Jan Tinbergen, mchumi wa Uholanzi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1969, alionyesha kwamba anayetaka kutimiza malengo kadhaa anahitaji zana zisizopungua idadi ya malengo hayo. Ikiwa lengo la pili ni kuifanya teknolojia changa iwe nafuu, ruzuku ina kazi yake ambayo bei ya kaboni peke yake haiifanyi vizuri. Gharama ya kuzalisha umeme wa jua kwenye mitambo mikubwa ilishuka duniani kwa takriban asilimia 85 kati ya 2010 na 2020, na ruzuku zile za mwanzo zilichangia sana. Kinachotakiwa ni anayepanga kikomo akijue kiasi cha umeme safi kitakachokuja, akibane kikomo mapema.

Mgongano mwingine hauko sokoni, uko ndani ya mazingira yenyewe. Mwaka 2009 Umoja wa Ulaya uliagiza asilimia 10 ya nishati ya usafiri itoke kwenye vyanzo jadidifu ifikapo 2020. Mahitaji ya mafuta ya magari yanayotengenezwa kwa mimea yakapanda, na pamoja nayo hofu kwamba misitu itafyekwa ili kupata mashamba, yaani kaboni iliyookolewa barabarani ipotezwe msituni. Mwaka 2015 mafuta yatokanayo na mazao ya chakula yakawekewa ukomo wa asilimia 7, na mwaka 2018 ikaamuliwa kwamba yale yenye hatari kubwa ya kuchochea ufyekaji yapunguzwe hatua kwa hatua hadi yasihesabiwe tena kwenye lengo hilo ifikapo 2030.