"Kisa cha kweli" kwenye filamu ya bendi hakimaanishi kila kitu kilitokea

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu: eti filamu ya bendi ya roki ikiandikwa "kisa cha kweli", kila tukio lilitokea vilevile. Sivyo. Mazungumzo mengi hutungwa, mameneja wawili huweza kuunganishwa kuwa mmoja, na miaka ya kuhangaika vilabuni ikabanwa kuwa usiku mmoja. Subiri majina ya mwishoni. Mara nyingi utakuta maandishi madogo, yale tunayoyakosa tukikimbilia mlango, yakikiri kuwa baadhi ya matukio yamebadilishwa. Au linganisha mwaka ulio kwenye jalada la albamu na ule ambao filamu inaonyesha albamu hiyo ikitoka. Kuchanganyikiwa kunaeleweka: nyimbo ni zilezile, hata magitaa yanafanana. Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze.