Prosesa ikisema "ninayo": dhana potofu kuhusu maktaba za usimbaji

Mezani kwangu kuna kompyuta mbili za mitumba kutoka Kariakoo. Boksi moja, rangi moja, hata mikwaruzo inafanana. Tofauti iko ndani: moja ina Core i3-2100, nyingine Core i5-2400, zote za 2011. Kijana anayejifunza kazi kwangu alizipandisha Linux, kisha nikamwambia aandike hivi kwenye kila moja, kuhesabu ni viini vingapi vya prosesa vinavyotangaza AES, njia maarufu ya kusimba data kwa ufunguo:

`grep -c -w aes /proc/cpuinfo`

i5 ikajibu 4. i3 ikajibu 0.

"Kaka, hii imekufa nusu?"

Haijafa. Intel walianza kuweka maagizo maalumu ya AES ndani ya prosesa zao mwaka 2010, lakini i3 za mezani za kizazi kile waliziruka. Kwa hiyo wanaodhani kwamba prosesa za kizazi kimoja zina uwezo mmoja wamekosea tangu mwanzo. Njia ya kujua ni kuiuliza prosesa yenyewe, na maktaba za usimbaji (kodi iliyo tayari ambayo programu huiazima ili kusimba data) kama OpenSSL na Libgcrypt hufanya hivyo kila zinapoamka. Ndani yake kuna matoleo kadhaa ya shughuli ileile: moja la lugha ya C tupu linalokwenda popote, jingine la AES-NI (ndiyo yale maagizo ya AES), jingine la AVX2 (toleo la pili la AVX, maagizo ya kushughulikia data nyingi kwa mpigo). Maktaba inauliza, kisha inachagua. Ukikompaili programu kwa `-march=native` kwenye i5, yaani itumie uwezo wote wa mashine hiyo, halafu ukaihamishia kwenye i3, umeiruka hatua hiyo, na i3 inaweza kukujibu kwa maneno mawili tu, "Illegal instruction", programu ikazimika hapohapo.

"Biti ikiwa 1, uwezo upo"

Hii nitaikalia, maana inawaponza hata wazoefu.

Kwenye prosesa za x86 (za Intel na AMD) swali huulizwa kwa agizo linaloitwa CPUID. Unaiita kwa namba 1, majibu yanarudi kwenye rejista (vihifadhi vidogo ndani ya prosesa), na katika rejista ya ECX kila biti ina maana yake: ya 25 ni AES, ya 28 ni AVX, ya 30 ni RDRAND, lile agizo la kutoa namba nasibu (zisizotabirika). Inaonekana kazi rahisi: soma biti, amua, endelea.

Anza na AVX. Prosesa inaweza kuwa nayo kweli, lakini rejista zake ni pana, na mfumo endeshi usipozihifadhi unapohama kutoka programu moja kwenda nyingine, data zitachanganyikana. Ndiyo maana maktaba iliyoandikwa kwa uangalifu haiishii kwenye biti ya 28. Inatazama ya 27, inayosema kama mfumo endeshi umewasha utaratibu huo, kisha inatumia agizo la XGETBV kuhakikisha kwamba rejista hizo zinahifadhiwa kweli. Jibu la prosesa peke yake halitoshi, na mfumo endeshi nao una la kusema.

Halafu kuna mashine pepe. Ukikodi seva ndogo ya mtandaoni, anayejibu CPUID si prosesa, ni programu inayoiendesha mashine yako, na hiyo inaweza kuficha chochote. Niliwahi kukodi seva ambayo usimbaji wake ulikuwa wa kujikongoja. Chini yake palikuwa na prosesa ya maana kabisa, ila mwenye seva aliacha aina ya prosesa kuwa kvm64, ambayo haitangazi AES. Nilipomwandikia akabadilisha mpangilio mmoja, mambo yakanyooka. Wala hakuwa na nia mbaya. Kwenye Proxmox, mfumo wa kuendesha mashine pepe, kwa mfano, kvm64 ndiyo iliyokuwa chaguo la kuanzia kwa miaka mingi, hadi toleo la 8.

Kisa kilichowashtua wengi ni cha Julai 2019. AMD walitoa Ryzen 3000, prosesa nzuri, na biti ya RDRAND ilikuwa 1. Ukiomba namba nasibu, prosesa inainua bendera ya kusema "nimefanikiwa", kisha inakupa FFFFFFFF. Ukiomba tena, FFFFFFFF. Kila mara. Mifumo kadhaa ya Linux ikagoma kuwaka, kwa sababu systemd, programu inayowasha huduma za mfumo, ilikuwa inaitegemea RDRAND kutengeneza vitambulisho. Prosesa za AMD za nyuma kidogo zilikuwa na ugonjwa wa ukoo huohuo baada ya kompyuta kulala na kuamka. Dawa ya Ryzen ilikuja kwa sasisho la BIOS. Kwa zile za zamani, Linux iliamua kuificha biti yenyewe ili programu zisidanganyike.

Sasa fikiria maktaba iliyosoma biti, ikaona bendera, ikazichukua FF zile kuwa mbegu ya ufunguo. Hakuna kosa lililoripotiwa mahali popote, na ufunguo wako anaujua kila mtu.

"gdb imeonyesha SIGILL, basi maktaba ni mbovu"

Kwenye ARM, familia ya prosesa za simu na Raspberry Pi, programu ya kawaida kwa desturi hairuhusiwi kuzisoma rejista zinazoeleza uwezo wa prosesa. Linux hupitisha habari hizo kwa njia ya pembeni, `getauxval`. Pale ambapo njia hiyo haikuwepo, OpenSSL ilitumia ujanja wa kuonja: inatega mtego wa ishara ya SIGILL (ile ya "Illegal instruction"), inajaribu agizo, na likikataliwa inarudi salama na kuandika "hakuna". Ukiwa ndani ya gdb, chombo cha kuchunguza programu inapokimbia, utaona programu imesimama kwenye `OPENSSL_cpuid_setup` na utapata homa bure. Iambie iendelee.

Na kwa walio na Raspberry Pi 4: prosesa yake haina maagizo ya AES. Pi 5 inayo.

"Ni suala la kasi tu"

Hapana, na hili huwa linasahaulika. AES iliyoandikwa kwa njia ya zamani hutumia majedwali, na sehemu ya jedwali inayosomwa inategemea siri. Kashe ya prosesa (memori yake ndogo ya haraka) nayo hurudisha haraka kilichosomwa karibuni, hivyo muda unaotumika unavujisha habari. Mwaka 2005 Daniel J. Bernstein alionyesha jinsi ya kuutoa ufunguo wa AES kwa kupima muda tu. Maagizo ya AES-NI hayatumii majedwali ya kwenye memori, kwa hiyo mlango huo unafungwa. i3 yangu isiyo nayo inalazimika kutumia kodi iliyopangwa kwa uangalifu zaidi, au kuachana na AES na kutumia ChaCha20, njia nyingine ya kusimba ambayo haihitaji majedwali.

"Maktaba nzuri haiui programu"

Nimelisikia hili kwa watu ninaowaheshimu. Hoja yao ni kwamba maktaba ni mgeni ndani ya programu ya mtu, na mgeni hazimi taa za mwenye nyumba.

Kwa maktaba ya kusoma picha, nakubali. Kwa usimbaji, kuna makosa yasiyo na dawa: chanzo cha namba nasibu hakipo, jaribio la ndani limetoa jibu lisilo sahihi, memori imeharibika. Hapo Libgcrypt hukuruhusu kuweka kishughulikiaji chako kwa `gcry_set_fatalerror_handler`. Kiitwe, kiandike kwenye logi, kifanye lake. Lakini kisijaribu kurudi kana kwamba hakuna kilichotokea, kwani kikirudi, maktaba yenyewe itaita `abort` na kuiua programu. Kabla ya kufa hufuta memori ya siri, ili funguo zisibaki kwenye faili la mabaki linaloachwa programu inapokufa. Hata ujumbe wa mwisho huuandika kwa njia fupi kabisa, moja kwa moja kwa `write`, kwa sababu wakati huo huna uhakika kama `printf` bado ina akili timamu. Kwa hitilafu ambayo waandishi wake waliamini haiwezi kutokea, ujumbe huanza na "Ohhhh jeeee". Ukiuona kwenye logi yako, nakupa pole.

Njia nyingine ni kurudisha namba ya kosa na kumwachia mwandishi wa programu aiangalie. Basi tuone anavyoiangalia. `EVP_VerifyFinal` ya OpenSSL hukagua sahihi (saini) ya kidijitali: hurudisha 1 saini ikikubalika, 0 ikikataliwa, na -1 uhakiki wenyewe ukishindikana. Watu waliandika `if (!jibu)`, yaani "kama ni sifuri, kataa". Lakini -1 si sifuri, ikapita. Saini iliyovurugwa makusudi ikahesabiwa kuwa halali, na kosa hilo lilikuwa ndani ya OpenSSL yenyewe hadi Januari 2009. Waandishi wa lugha ya Go wamejifunza: tangu toleo la 1.24, maktaba yake ya `crypto/rand` ikishindwa kupata namba nasibu, programu nzima inakufa. Hakuna thamani ya kusahau kuiangalia.

Kinyume chake ni Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux. Kuanzia Septemba 2006 hadi Mei 2008, kifurushi chao cha OpenSSL kilikuwa kimeondolewa mstari uliochanganya unasibu, ili kunyamazisha malalamiko ya chombo cha kukagua memori. Kila kitu kilifanya kazi vizuri, ila kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo palibaki uwezekano wa funguo 32,767 tu. Karibu miaka miwili, bila programu hata moja kufa.

"Ujumbe wa kosa uwe na maelezo mengi iwezekanavyo"

Inategemea nani anausoma. Kwa msanidi, ndiyo: `error:0308010C`, iliyowatesa watu wa Node.js 17 (jukwaa la kuendesha JavaScript), inakuambia kwamba OpenSSL 3 haikubali tena algoriti fulani ya zamani bila ruhusa maalumu, na msimbo huo unautafuta na kupata jibu. Kwa aliye upande wa pili wa mtandao, hapana. Mwaka 1998 Bleichenbacher alivunja usimbaji wa RSA (njia yenye ufunguo wa wazi na wa siri) kwa kutumia seva iliyokuwa mwaminifu mno, iliyomwambia kila mara kama mpangilio wa data iliyosimbuliwa ulikuwa sawa au la. Kwa hiyo logi yako ijae, na mteja wako ajibiwe "imeshindikana" kwa sababu zote, kwa muda uleule.

"Kwangu inafanya kazi"

OpenSSL 3.0.4 ilifanya kazi kwangu. Ilifanya kazi kwa wengi. Ila kwenye prosesa za Intel zenye maagizo ya AVX512IFMA, hesabu za RSA za biti 2048 ziliharibu memori, na toleo la 3.0.5 likatoka haraka tarehe 5 Julai 2022. Toleo hilohilo lilirekebisha pia kosa la x86 ya biti 32 yenye AES-NI, ambapo katika hali ya OCB (namna mojawapo ya kuitumia AES) baiti 16 ziliweza kubaki bila kusimbwa. Makosa yote mawili yaliishi ndani ya matoleo ya kasi, yale yanayochaguliwa baada ya kuuliza prosesa. Mashine isiyo na uwezo huo isingeyaona kamwe.

Kwa hiyo ninapofanya majaribio siku hizi, nayarudia mara mbili kwenye i5: mara ya kwanza kawaida, mara ya pili kwa `OPENSSL_ia32cap="~0x200000200000000"`, inayoiambia OpenSSL ijifanye haijaona AES-NI wala PCLMULQDQ, agizo jingine la kuharakisha usimbaji. Kwa Libgcrypt, jina la uwezo unaotaka uzimwe huandikwa kwenye `/etc/gcrypt/hwf.deny`. Kijana alikuwa ameshampata mteja wa ile i3. Nikamwambia aiache, isiuzwe.