"Inarejelezeka" maana yake nini?

Geuza chupa ya maji ya plastiki, utazame kitakoni. Utaona pembetatu ya mishale na namba 1 katikati. Namba hiyo inataja aina ya plastiki tu, ile iitwayo PET, lakini wengi tunaisoma kama ahadi. Kampuni za vinywaji nazo hupenda kutuambia kuwa chupa zao zinarejelezeka, yaani zinaweza kusagwa, kuyeyushwa na kuwa malighafi tena.

Ni kweli. Ila tulifundishwa shuleni kauli ya kutendeka na kauli ya kutendwa, na mwalimu hakuzitenganisha bure. Muhogo unalika, kama umeliwa, hiyo ni habari nyingine. Barabara ya Jangwani, Dar es Salaam, inapitika, mpaka mvua za masika zikolee.

Na mvua zikishakolea, simama karibu na Daraja la Salenda, Msimbazi unapoingia baharini. Mto huu unatoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti na Kigogo, ukizoa kila kilichotupwa mitaroni. Chupa zenye vifuniko zinakuja zikielea kama bata. Zisizo na vifuniko huwa zimeshajaa maji na kuzama kwenye tope, kwa kuwa PET ni nzito kuliko maji, kwa hiyo unazoziona juu si zote. Zote hizo zinarejelezeka.

Ili chupa irejelezwe, mtu lazima ainame aiokote. Jijini ni waokota makopo, wenye kiroba begani tangu alfajiri. Kifuniko hutengwa, maana ni plastiki ya aina nyingine, kisha chupa hupondwa kwa mguu na kupelekwa kwenye mizani. Chupa ya maji ya nusu lita ina gramu kumi na kitu tu, hivyo kilo moja inataka chupa zaidi ya 50. Anayelipwa kwa kilo haingii kwenye tope la Jangwani kufuata chupa moja.

Sasa zisome ahadi za kampuni ukiviangalia vitenzi. Mwaka 2018 Coca-Cola ilisema kwamba ifikapo 2030 itakusanya na kurejeleza chupa au kopo moja kwa kila moja inayouza. Desemba 2024 lengo likabadilishwa: kusaidia kuhakikisha asilimia 70 hadi 75 zinakusanywa, ifikapo 2035. Kurejeleza kumetoka kwenye sentensi, kukusanya kumebaki, na mwaka umesogezwa mbele. Lengo la 2022, la kuuza angalau asilimia 25 ya vinywaji kwenye vyombo vya kujazwa tena ifikapo 2030, halimo tena.

Hilo la mwisho ndilo linaloniuma, kwa sababu chupa ya kujazwa tena tunaijua vizuri. Serikali ya Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, Juni 1, 2019, chupa za plastiki hazikuguswa. Soda ya chupa ya kioo haikuhitaji marufuku wala ahadi ili irudi kwenye kreti. Ukimtuma mtoto kwa Mangi mikono mitupu, Mangi anamuuliza, "Chupa iko wapi?" Kama hana, aache hela ya chupa au ainywe palepale dukani. Mtoto anatimua mbio nyumbani, anavuta chupa tupu chini ya meza, anarudi nayo.