Je, wajua? Mchezaji wa kwanza kuchaguliwa NFL hakucheza hata mechi moja

Februari 8, 1936, wakubwa wa timu 9 za NFL, ligi ya kulipwa ya soka ya Kimarekani (ule mchezo wa kukimbia na mpira mkononi), walikutana katika hoteli moja mjini Philadelphia. Ubaoni kulikuwa na majina kama 90 ya wanafunzi wanaomaliza chuo, wakaanza kugawana. Utaratibu huo unaitwa drafti, na si ile ya kete za kibarazani: timu iliyofanya vibaya kuliko zote msimu uliopita ndiyo inayoanza kuchagua, ili matajiri wasizoe vipaji vyote. Mwaka ule waliovurunda walikuwa Philadelphia Eagles, na jina walilolitaja kwanza ni Jay Berwanger.

Hakuumia. Hakufungiwa. Kiwango chake hakikushuka. Na bado hakukanyaga uwanja wa NFL hata kwa dakika moja.

Berwanger alizaliwa Dubuque, jimbo la Iowa, mwaka 1914, akasoma Chuo Kikuu cha Chicago. Timu ya chuo haikuwa tishio, lakini yeye alifanya karibu kila kitu: kukimbia na mpira, kurusha pasi, kuupiga mpira teke, kisha mpira ukipotea anageuka kukaba, maana enzi hizo wachezaji walewale walishambulia na kulinda. Mwaka 1934, kwenye mechi dhidi ya Michigan, mlinzi mmoja alijaribu kumwangusha akabaki na kovu chini ya jicho la kushoto. Mlinzi huyo ni Gerald Ford, aliyekuja kuwa Rais wa Marekani miaka 40 baadaye.

Mwishoni mwa 1935 klabu moja ya New York ilimpa Berwanger tuzo mpya ya mchezaji bora wa vyuo. Yeye ndiye wa kwanza kuipata. Mwaka uliofuata ikabadilishwa jina na kuitwa Heisman, na leo hakuna tuzo ya mchezaji wa chuo inayotamaniwa kuliko hiyo.

Sasa, nyota kama huyo aliikimbia ligi kwa nini? Jibu ni pesa, basi. NFL ya wakati ule haikuwa hii ya mabilioni. Mchezaji alilipwa kwa mechi, tena kiasi ambacho kijana mwenye shahada ya Chicago angeweza kukipata ofisini bila kuvunjwa pua. Eagles waliona hawatammudu, wakawaachia Chicago Bears haki ya kumsajili. Berwanger akamtajia George Halas, bosi wa Bears, dola 25,000 kwa miaka 2. Halas hakuwa na mpango wa kutoa fedha hizo. Wakaagana.

Wala hakuwa peke yake: kati ya vijana 81 waliochaguliwa siku ile, wengi walikwenda kutafuta kazi nyingine. Berwanger aliingia kwenye biashara ya mpira, yaani mpira wa kutengenezea bidhaa, akawa pia anafundisha timu ya chuo chake. Baadaye alifungua kiwanda chake cha vipuri vya mpira na plastiki, akafanikiwa. Alifariki mwaka 2002 akiwa na miaka 88.

Ile tuzo ya kwanza? Kwa miaka kadhaa ilikaa nyumbani kwa jamaa yake mmoja, ikizuia mlango usijifunge.