Sindano ya Mchina twaiogopa, kikopo chake twakipaka: dhana potofu na ukweli kuhusu tiba ya Kichina kwa watoto

Dadangu yuakaa Kisauni, hapa Mombasa, na mwanawe wa miaka mitatu alikuwa na ukurutu, ule wa kwenye mikunjo ya magoti na viwiko na mashavuni, mtoto halali usiku, yuajikuna tu mpaka shuka lina madoa ya damu. Jirani akamuelekeza mahali pauzwapo dawa za Kichina, hapa hapa mjini. Mwenye duka akampa mambo mawili achague au achukue yote, sindano za akupancha, yaani zile nyembamba za kudungwa mwilini bila dawa ndani, na krimu ya miti shamba. Sindano dadangu akakataa palepale, mwanangu hatobolewi. Krimu akaichukua. Kikopo cheupe hivi, hakina jina wala tarehe wala orodha ya vilivyomo. Siku ya tatu ngozi imelainika, nyumba nzima twashukuru Mungu. Baada ya wiki kama sita mashavu yakaanza kupauka, vimishipa vyekundu vyaonekana kama nyuzi, na akikosa kupaka siku mbili ukurutu warudi mkali kushinda mwanzo. Daktari wa ngozi alipomtazama tu akasema humu mna steroidi, dawa ya hospitali ya kutuliza uvimbe na mwasho, tena si ya nguvu ndogo.

Hilo ndilo lililonifanya nikae niandike, kwa sababu kile alichokiogopa ndicho kilichokuwa na hatari ndogo, na kile alichokibeba kwenye mkoba hadi nyumbani ndicho kilichomuumiza mtoto. Na si yeye peke yake, nimewaskia wazazi chungu nzima wakiongea hivyo hivyo.

"Dawa ya Kichina ni miti tu, haina kemikali, haidhuru mtoto"

Hii ndiyo naanza nayo na ndiyo ntakaa nayo zaidi. Mti ni kemikali jamani, mwarobaini ni chungu kwa sababu gani? Kinachotibu ndicho kinachoweza kudhuru, inategemea kiasi, na mtoto wa kilo 12 hawezi kupewa kipimo cha mtu mzima kikagawanywa kwa kukisia tu.

Halafu kuna yale yanayotiwa kwa siri. Uingereza mwaka 1999 madaktari walizipima krimu 11 za Kichina walizokuwa wakitumia wagonjwa wa ngozi, wakikuta 8 kati yake zina deksamethasoni, ambayo ni steroidi ya hospitali kabisa, na wagonjwa wenyewe hawakujua. Steroidi si sumu, hata hospitali hupewa, lakini hupewa kwa kipimo na kwa siku maalum. Ukimpaka mtoto usoni wiki baada ya wiki bila kujua, ngozi yake inakuwa nyembamba, na kwa kuwa ngozi ya mtoto inafyonza haraka, nyingine inaingia mwilini. Kwa hivyo ukiona krimu ya "miti" imemaliza ukurutu wa miezi kwa siku mbili tatu, usifurahi kwanza, uliza mna nini ndani.

Na hata mti wenyewe bila kuchanganywa na kitu waweza kuua figo. Ubelgiji mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanawake zaidi ya mia moja waliharibika figo kwa vidonge vya kupunguza mwili vilivyokuwa na mmea wa Kichina wenye asidi ya aristoloki. Hao walikuwa watu wazima, na hakuna aliyewatilia sumu, mmea huo ulitiwa kimakosa badala ya mmea mwingine. Tena baadhi ya dawa za kale za kumtuliza mtoto mwenye kushtuka-shtuka zilitiwa zinjifuri, unga mwekundu wenye zebaki. Zebaki kwa ubongo unaokua, sihitaji kueleza.

Sasa sisi watu wa pwani tuna la kwetu la kuangalia zaidi. Kuna mzizi wa manjano mchungu sana waitwa huanglian, watu huko Uchina na Singapore walikuwa wakiwapa watoto wachanga kusafisha tumbo. Ndani yake mna kemikali iitwayo berberini. Singapore iliipiga marufuku mwaka 1978 kwa sababu ilihusishwa na umanjano mkali wa watoto wachanga, hasa wenye upungufu wa G6PD, ikaja kuiondolea marufuku miaka mingi baadaye lakini kwa mtoto mchanga tahadhari iko pale pale. Huo upungufu wa G6PD ni kasoro ya chembe nyekundu za damu ya kuzaliwa nayo, na uko sana kwenye sehemu zenye malaria, yaani ni huku kwetu Mombasa, Kwale, Kilifi. Mtoto wa siku nne macho yamekuwa manjano usimpe kitu cha kuchemsha, cha Mchina, cha Mswahili wala cha nyanyake, mpeleke akapimwe damu siku hiyo hiyo.

"Sindano zao ni kubwa, mtoto atateseka"

Nilishawahi kuwekewa moja kiganjani nikaishika. Ukiigusa kwa kidole yapinda, ni kama waya wa gitaa ule mwembamba kabisa. Za watoto ni milimita 0.16 hadi 0.20 hivi kwa unene, ilhali ya chanjo huwa 0.5 au 0.6. Tena si mrija, haina dawa ndani. Kwa mtoto mdogo haiachwi mwilini dakika ishirini kama mtu mzima, huingizwa kidogo ikatolewa papo hapo maana nani atamshika mtoto atulie? Na kuna namna ambazo hazitobolei kabisa, Wajapani wana ile yao ya kugusa na kupitisha kijuma juu ya ngozi tu, waiita shonishin, na Wachina wana tuina ya watoto ambayo ni kukanda vidole, kiganja, mgongo na tumbo. Ukiitazama tuina utamkumbuka mkunga wetu anavyomkanda mtoto kwa mafuta ya nazi.

Hatari ipo, siifichi. Mara nyingi ni kuvilia damu kidogo au kulia tu, lakini sindano ikidungwa kifuani na mtu asiyejua yaweza kutoboa pafu, na sindano iliyotumika kwa mwengine yaweza kuambukiza. Kwa hivyo sindano iwe mpya, pakiti ifunguliwe mbele ya macho yako, na mtoto ambaye damu yake haigandi asiguswe kabisa.

"Basi kama haidhuru, yatibu kila kitu"

La hasha, na hapa ndipo pesa za watu zinapoishia. Jambo lenye ushahidi mzuri zaidi ni kichefuchefu na kutapika baada ya operesheni, hata kwa watoto. Kuna sehemu waiita Neiguan, ndani ya mkono, vidole vitatu juu ya mkunjo wa kifundo, katikati ya zile kano mbili, na vidole vinavyopimiwa ni vya mtoto mwenyewe, si vyako. Pakibonyezwa au pakidungwa wengi hawatapiki sana. Kwa maumivu kuna tafiti zenye matumaini lakini kwa watoto ni chache, tena mara nyingi sindano za uongo zilizodungwa pasipo mahali pake nazo zinasaidia karibu sawa na za kweli.

Kikojozi ndiyo hadithi niipendayo. Mtu atakuapia, mwanangu alikojoa mpaka miaka saba nikampeleka kwa Mchina akaacha. Wallahi huenda ni kweli ameacha. Lakini jua kwamba watoto wa miaka mitano karibu 15 kwa kila 100 bado wakojoa kitandani, na kila mwaka kama 15 kwa 100 ya hao huacha wenyewe bila dawa yoyote. Ukimpeleka mwaka huo, sifa yaenda kwa sindano. Mimi shida yangu si sifa, ni kwamba kukojoa kwaweza kuwa dalili ya choo kigumu, au sukari, au sikoseli ambayo huku pwani twaijua vizuri sana, na mtoto hajapimwa hata mkojo.

Halafu mtindio wa ubongo na usonji. Hapa naongea kwa uchungu. Namjua mama wa Likoni, kila wiki yuavuka feri na mtoto mgongoni wa miaka mitano, mzito, amemfunga leso mbili, kwenda kudungwa sindano za kichwani kwa sababu aliambiwa atatembea. Akaacha fiziotherapi ili apate nauli na pesa ya sindano. Kweli huko Uchina hospitali nyingi huwadunga watoto wenye mtindio wa ubongo, lakini huwadunga pamoja na mazoezi kila siku, na ushahidi kwamba sindano yenyewe ndiyo inayosaidia ni dhaifu. Kwa usonji ni dhaifu zaidi. Anayekuahidi mtoto atatembea kwa sindano kumi anakuuzia matumaini yako mwenyewe. Mama yule ukitaka kumsaidia msaidie arudi kwa yule wa mazoezi.

"WHO imeshaikubali, imo kwenye kitabu chao"

Kilichotokea ni kwamba orodha mpya ya magonjwa ya WHO, Shirika la Afya Duniani, iitwayo ICD-11, iliyoanza kutumika 2022, ina sura ya tiba za asili ili nchi ziweze kuhesabu nani ametibiwa nini. Ni kuhesabu tu, si kusema dawa inafanya kazi.

"Degedege na kukonda kwa mtoto Mchina ana dawa ya haraka"

Ana desturi ya kutoboa ncha za vidole mtoto akishikwa na degedege, na kutoboa mikunjo ya vidole vinne, waiita sifeng, kwa mtoto aliyekonda. Sisi nasi tuna ya kwetu, kuna wanaosema ni nyuni, yaani pepo wa watoto, wamfukizie. Yote mawili yapoteza saa. Degedege ya homa huku kwetu yaweza kuwa malaria imepanda kichwani, ni hospitali mbio. Na aliyekonda usimtazame vidole, mtazame mkono: ule utepe wa kliniki ukionyesha chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano, huo ni utapiamlo mkali na chakula dawa chapatikana.

"Zote ni uchawi tu hazina maana"

Hapana pia. Ile dawa ya malaria tunayowapa watoto, AL (artemetha na lumefantrini), imetoka huko Uchina. Bi Tu Youyou, mwanasayansi wa Uchina, alisoma kitabu cha kale cha tabibu Ge Hong, cha karne ya 4, kilichosema mmea wa qinghao uloweshwe majini ukamuliwe, akagundua kwamba moto ndio ulioharibu dawa wenzake walipoichemsha, akaitoa kwa ubaridi, na mwaka 2015 akapewa Nobel. Lakini angalia alichofanya, alipima, akajaribu, akatoa kitu kimoja kilichojulikana kipimo chake. Ndiyo sababu AL ni dozi sita kwa siku tatu kulingana na kilo. Ukinunua majani ya qinghao ukamchemshia mtoto chai hujui umempa kiasi gani, na WHO haikubali chai hiyo kwa malaria.

"Ni hijama tu kwa jina jengine"

Hapana, hijama ni kuumika, kutoa damu kwa vikombe, na akupancha ni sindano, ingawa Wachina nao wana vikombe vyao. Mtoto mdogo ana damu kidogo, msimchanje.

Kama bado wataka kumpeleka sikukatazi, kwanza apimwe na daktari wa watoto, dawa zake za pumu au kifafa usizikatize. Uliza leseni, na uliza kama dawa imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Wakikupa unga au krimu isiyoandikwa vilivyomo iache pale pale mezani. Na kama ushampa na mtoto amebadilika rangi, amelegea, hakojoi, twaa kile kikopo au ile pakiti, hata kama imebaki tupu, ukaende nayo kasualti, sehemu ya dharura ya hospitali, usitupe kitu, maana daktari wa dadangu alitaka kukiona kikopo na nyanyake alikuwa ashakitumia kutilia vifungo.